KIONGOZI, KAA NA WENZAKO MUONGEE UKWELI

(Nasaha iliyotolewa kwa viongozi wa vijana na wazazi mjini Kakamega baada ya futari, katika kumi la kati la Ramadhani. Tumeiandika karibu kama ilivyozungumzwa.)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T), aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu ilhali wako tuliofunga nao mwaka jana na leo wamelala makaburini. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu vijana, dada zetu, na nyinyi wazee wetu mlioacha viti vyenu vya nyumbani mkaja kukaa na sisi: sitawaweka sana. Najua tumbo likishapata uji na viazi, usingizi unabisha hodi, na tarawehe bado iko mbele yetu.

Nimeombwa nizungumze juu ya uongozi. Nilipokuwa nikijitayarisha nikajiuliza, ni kitu gani kinachovunja kamati zetu? Mara nyingi tunasema ni pesa. Wengine watasema ni vyeo. Lakini mimi nimekaa kwenye kamati za vijana miaka mingi, na nimeona kamati isiyo na pesa ikidumu, na yenye pesa ikafa. Kinachoua ni lile jambo ambalo kila mtu analijua, kila mtu linamkera, na hakuna anayelitaja kikaoni. Tunafungua kwa Al-Fatiha, tunasoma kumbukumbu, tunafunga kwa dua. Tukishatoka nje, pale kwenye viatu, ndipo mkutano wenyewe unapoanza. Si ndiyo, jameni? Naona mnacheka, basi mnaujua.

Leo nataka tuongee kuhusu mkutano huo wa kwenye viatu, na kwa nini kiongozi ana wajibu wa kuurudisha ndani.

MTUME (S.A.W) NA MANUNG'UNIKO YA ANSARI

Twende mwaka wa 8 Hijria, sawa na mwaka 630. Makka ilifunguliwa mwezi kama huu, Ramadhani. Wiki chache baadaye, katika Shawwal, Waislamu wakapigana na Hawazin na Thaqif pale Hunayn. Vita vilikuwa vigumu mwanzoni, kisha Allah akawapa ushindi, na ngawira ikawa nyingi mno: ngamia, kondoo, fedha. Ikakusanywa mahali panapoitwa Ji'rana.

Mtume (S.A.W) alipogawa, akawapa fungu kubwa wakubwa wa Kiquraishi na wa makabila mengine ambao Uislamu wao ulikuwa bado mchanga. Mtu kama Abu Sufyan, aliyepigana na Waislamu miaka na miaka, akapewa ngamia 100. Na Ansari? Watu wa Madina waliompokea Mtume alipofukuzwa kwao, waliogawana nyumba na mashamba yao na Muhajirina? Wao katika mgao ule hawakupata kitu.

Sasa sikilizeni vijana, maana hapa mnatajwa. Katika mapokezi ya Anas bin Malik (R.A) tunaelezwa kwamba wazee wa Ansari walinyamaza. Walionung'unika ni vijana wao. Walisema maneno mazito: Quraishi wanapewa, sisi tunaachwa, na panga zetu bado zinatona damu yao.

Aliyelipeleka jambo hili kwa Mtume (S.A.W) ni Saad bin Ubada (R.A), mkubwa wao. Akamweleza kwamba jamaa zake wana kinyongo juu ya mgao. Mtume akamuuliza yeye mwenyewe amesimama wapi katika jambo hilo. Saad angeweza kujitoa. Angeweza kusema, mimi sina neno, ni hawa vijana tu. Yeye akajibu kwamba naye ni mmoja katika watu wake. Huyo ndiye naibu wa kweli. Anamwambia kiongozi yaliyo chini, na hajifichi nyuma ya wengine.

Mtume (S.A.W) alikuwa kiongozi wa jeshi lililoshinda, na zaidi ya hayo ni Mtume wa Allah. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuwakemea. Yeye akaamuru Ansari wakusanywe peke yao, mahali pamoja, bila ya mtu mwingine. Kisha akaanza na lile lile lililomfikia, akawauliza, ni maneno gani haya niliyoyasikia kutoka kwenu? Hakuzunguka.

Akawakumbusha neema ya Allah juu yao kupitia kwake: walikuwa wamepotea wakaongoka, walikuwa maadui wao kwa wao wakaunganishwa. Wakakubali. Kisha akafanya jambo ambalo mimi kila nikilisoma mwili unanisisimka. Akawaambia kwamba wao nao wana haki ya kujibu, na wakijibu watakuwa wakweli: ulitujia watu wamekukadhibisha sisi tukakusadiki, ulitujia umefukuzwa sisi tukakupa makao, ulitujia fukara sisi tukakuliwaza. Yaani yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, aliyataja madai yao, na akayataja vizuri kuliko walivyoyataja wao.

Baada ya hapo ndipo akaeleza sababu. Mali ile aliitoa kuzivuta nyoyo za watu wapya, na wao Ansari aliwaachia imani yao kwa sababu aliiamini. Akawauliza kama hawaridhiki watu warudi makwao na kondoo na ngamia, na wao warudi Madina na Mtume wa Allah. Akawaambia kwamba lau watu wote wangepita bonde moja na Ansari wakapita jingine, yeye angepita bonde la Ansari. Akawaombea dua, wao na watoto wao na wajukuu wao. Wapokezi wanasema walilia mpaka ndevu zikalowa, wakasema wameridhika.

Angalieni kitu kimoja, ndugu zangu. Mgao haukubadilika. Hakuna ngamia hata mmoja aliyerudishwa. Waliokuja na kinyongo walirudi makwao bila mali ile ile waliyoikosa, lakini kinyongo hawakurudi nacho. Wengi wetu tunaogopa kuzungumza na wenzetu kwa kudhani kwamba lazima tuwape wanachotaka. Hapana. Mara nyingi mtu anachotaka kwanza ni kujua kwamba umeona alivyoumia.

MAKOSA YANGU MIMI

Nisije nikawasimulia ya maswahaba nikaficha ya kwangu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya futari katika msikiti mmoja, sitautaja. Tulikuwa na mweka hazina, kijana wa boda boda, mwaminifu, anayeandika kila kitu kwenye daftari la mraba. Kwenye kumi la pili, tulipohesabu mchele na sukari tukakuta magunia yamepungua. Minong'ono ikaanza. Huyu anasema alimwona na gunia kwenye pikipiki. Yule anasema mbona amebadilisha tairi mbili kwa mpigo.

Mimi nikasikia yote. Na unajua nilifanya nini? Nilinyamaza. Nikajiambia nalinda umoja, Ramadhani hii, tusilete fitna. Siku ya pili nikamwambia, kijana, naona umechoka, pumzika kidogo, mpe mwenzako daftari. Alinitazama. Akanipa daftari. Sikumwambia kwa nini, naye hakuuliza.

Baada ya Idd, mzee mmoja akarudi kutoka safari. Katika mazungumzo tu akataja kwamba yeye ndiye aliyemtuma yule kijana apeleke magunia kwa msikiti mdogo wa kijijini uliokuwa hauna futari. Hakukuwa na wizi wowote. Lilikuwa ni agizo la mdomo ambalo halikuandikwa, na swali moja ambalo mimi mwenyekiti sikuliuliza.

Kijana alikuwa keshaacha kuja. Nami, wallahi, nilikaa miezi saba kabla ya kwenda kwake. Aibu ilinifunga miguu. Nilipokwenda nilimkuta kwa mama yake, anaosha pikipiki. Nikamwambia, nilikudhania vibaya, nikakuhukumu bila kukusikiliza, na nikakudanganya kwamba umechoka. Nimekuja kuomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia hivi: "Ustadh, kunyang'anywa daftari hakukuniuma sana. Kila siku ulinipa mkono ukanisalimia, na hata siku moja hukuniuliza."

Mama yake alikuwa mlangoni amesimama. Hakunikaribisha chai, na sikumlaumu.

Kijana alinisamehe. Anaswali nasi Ijumaa. Lakini kwenye kamati hakurudi mpaka leo, na mimi najua nitaulizwa juu yake. Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Kumbe ule umoja niliodhani naulinda nilikuwa naununua kwa heshima ya mtu mmoja asiye na kosa.

KIMYA KINA BEI

Sisi watu wa Kakamega hatuhitaji kuambiwa bei ya kimya. Tazameni Mumias. Mji huo ndio mlango ambao Uislamu uliingilia huku kwetu magharibi, ukiletwa na wafanyabiashara Waswahili katika karne ya 19. Na kiwanda chake cha sukari, kilichoanza mapema miaka ya 1970, kililisha na kusomesha watoto wa nyumba nyingi za hapa. Mwaka 2001 hisa zake ziliingia katika soko la Nairobi. Mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu, kikiwa na madeni makubwa, yakiwemo ya wakulima na wafanyakazi. Mwisho wa 2021 kikakodishwa kwa kampuni nyingine.

Mimi sikuja hapa kusema ni nani mwenye makosa, hayo yana wenyewe. Nasema jambo moja tu. Kila aliyepita kipindi kile, awe mkulima au mfanyakazi, anajua tabu ya kungoja mwezi baada ya mwezi bila kujua la kumwambia mkeo na watoto. Kazi ikiwa mashakani, mtu anaweza kuvumilia habari mbaya. Anajipanga, anauza mbuzi, anapanda mahindi palipokuwa na miwa. Kisichovumilika ni kutojua. Pale kiongozi anaponyamaza, uvumi unaketi kwenye kiti chake.

MFANO WA JIRANI ZETU

Wako wanaosema, kiongozi akikiri kosa atadharauliwa. Hebu tuvuke mpaka twende Tanzania mwaka 1977.

Mwaka huo Azimio la Arusha lilikuwa limetimiza miaka 10. Mwalimu Julius Nyerere angeweza kupiga ngoma na kukata keki. Yeye aliandika taarifa ndefu akawaeleza wananchi yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana, na akasema waziwazi kwamba nchi ilikuwa bado haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Mtu anaweza kukubaliana na siasa yake au kuikataa, hayo ni mengine. Lakini yeye ndiye aliyekuwa rais, Azimio ni lake, na yeye ndiye aliyesema tulipokwama.

Mwaka huo huo, Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Watu walikuwa wamefariki mikononi mwa vyombo vya usalama huko Shinyanga. Yeye hakumpiga mtu wala hakuamuru mtu apigwe. Lakini ilikuwa chini ya wizara yake, akajiuzulu. Je, alidharauliwa? Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Tanzania yote mpaka 1995. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024, hadithi ya kule kujiuzulu ilisimuliwa tena na tena. Kukubali dhamana hakukumpunguzia kitu.

NAMNA YA KUZUNGUMZA

Sasa mtaniuliza, ustadh, tufanyeje? Wacha niwape machache, mengine mtajifunza njiani.

Kwanza, chagua wakati. Usimwite mtu saa kumi na moja jioni, njaa imembana na wewe pia. Mtajibizana kwa matumbo. Ngojeni mfuturu, mswali, mtulie.

Pili, mwite faraghani. Nasaha mbele za watu ni fedheha. Na kama anayehusika ni dada yetu, fuata adabu, awepo kiongozi wa kina dada au mtu wa kwake. Na tafadhalini sana, msilifanye hili kwa WhatsApp. Maandishi hayana sauti wala uso. Mtu akisoma amekasirika, hata salamu yako ataiona ni tusi.

Tatu, anza na lako. Kama ulichelewa kumwambia, sema nimechelewa. Kama una hofu, sema naona ugumu kulisema hili. Kiongozi hapungui kwa kusema limemuuma. Mtume (S.A.W) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na watu wakamwona.

Nne, sema ulichokiona wewe au kilichokufikia, na uulize. Epuka hili la "watu wanasema". Watu gani? Ukishasema hivyo, umemfanya aone kila aliye msikitini ni adui yake. Taja jambo lenyewe: magunia yalikuwa 12, sasa ni 9, nieleze.

Tano, nyamaza umsikilize. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, sisi wenye mazoea ya kushika kipaza sauti. Akimaliza, rudia madai yake kwa maneno mazuri, kama Mtume (S.A.W) alivyofanya na Ansari, mpaka aseme naam, hivyo ndivyo.

Sita, usiahidi usichoweza. Kama uamuzi haubadiliki, sema haubadiliki, na useme kwa nini.

Na saba, rudi kwake. Baada ya siku mbili tatu mpitie, kunyweni chai. Mazungumzo magumu yakiachwa bila kufuatiliwa hugeuka kidonda kipya.

Lakini ndugu zangu, tusichanganye mambo. Kuna mtu akishatoa ukali wake anasema, mimi ni mkweli, sifichi kitu. La. Ukweli wa kumwagia mwenzako hasira zako ni kujistarehesha wewe. Allah (S.W.T) katika Surat Aal Imran, aya ya 159, anamweleza Mtume wake kwamba lau angekuwa mkali na mwenye moyo mgumu, watu wangemkimbia, na anamwamuru awasamehe, awaombee msamaha na ashauriane nao. Tena, kusema ukweli hakumaanishi kufichua aibu za watu. Ya mtu ya siri, msitiri. Lile lililo baina yenu, na linalowahusu, ndilo la kukaa chini mkaliongea.

NA NYUMBANI PIA

Wazazi, msidhani hii ni ya vijana peke yao. Baba naye ni kiongozi, mama naye ni kiongozi. Wapo wazazi Ramadhani hii ambao kazi imekwisha au biashara imelala, na Idd inakuja. Watoto wanaulizia nguo. Baba anajibu kwa ukali, anatoka, anarudi usiku wameshalala. Mtoto anajiuliza, nimemkosea nini baba?

Mwite mwanao, mkalishe karibu. Mwambie, mwaka huu sina. Nimejaribu, sikupata. Tutafua nguo zetu za mwaka jana, tutazipiga pasi, na tutakwenda kuswali pamoja. Mtoto ataweza kulia kidogo, mwache alie. Lakini hatakua akidhani umaskini wenu ni kosa lake. Na wewe mwenyewe utashangaa, kijana wa miaka 12 atakuuliza akusaidieje.

KABLA MWEZI HAUJAISHA

Namalizia. Tunakaribia kumi la mwisho. Tutakesha tukiitafuta Laylatul Qadr, tutainua mikono tumwombe Allah atusamehe. Na huku kuna mtu unayempa mkono kila siku na hujamuuliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kila kiongozi aliyeko hapa, wa msikiti, wa darsa, wa timu ya mpira, wa kikundi cha akina mama, sitaki mnyoshe mikono. Mtajeni mtu mmoja moyoni. Mmoja tu. Mpigie kesho baada ya futari, mwambie naomba dakika zako 20. Usingoje miezi saba kama mimi.

Na yule kijana wangu wa daftari, akiyasoma haya katika gazeti letu, ajue kwamba kiti chake hakijajazwa na mtu. Akitaka kurudi, mlango uko wazi. Asipotaka, haki yake, na dua yangu iko pamoja naye.

Allah atukubalie saumu zetu, azisafishe nyoyo zetu na vinyongo, na atupe viongozi wanaosikia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.